Mji Bila Ramani



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mji nao ni mali, na daftari lake ni ramani.

Wengi wetu tukisikia neno ramani twafikiri karatasi iliyotundikwa darasani. Siku hizi wapangaji wa miji hutumia kompyuta, katika kazi iitwayo mfumo wa taarifa za kijiografia. Si jambo gumu kufahamu. Fikiri karatasi nyembamba zinazopitisha nuru: moja imechorwa nyumba, ya pili barabara, ya tatu mito na mitaro, ya nne miinuko ya ardhi. Ukizipanga moja juu ya nyingine, waona mara moja nyumba zipi zimekaa katika njia ya maji, na mtaa upi uko mbali na zahanati.

Dar es Salaam yatupa somo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata yao. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliupiga mji, na watu wapatao 40 wakafa. Tangu 2015 kazi ya namna ile ilienea kata nyingine kwa jina la Ramani Huria. Vijana walipita vichochoroni wakiwa na simu zao, na ndege zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu.

Najua wako wanaoogopa. Mpimaji akionekana mtaani, mioyo hudunda, kwa kuwa watu wamezoea kuona kipimo kikifuatwa na alama ya X ukutani, kisha tingatinga. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Hofu hiyo si upuuzi. Lakini dawa yake si kumfukuza mpimaji, kwa maana asiyekuwamo katika ramani hatakumbukwa mabomba ya maji yatakapogawiwa. Dawa ni mwenyeji kushika kalamu pamoja naye. Picha ya angani huonyesha mabati tu. Haionyeshi maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko, wala mtaro upi umezibwa na taka. Hayo ayajua bibi aliyekaa hapo miaka thelathini.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, ramani ya kila mtaa itundikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, ili kila mtu aisome na kuisahihisha kabla mpango haujakatwa. Pili, ramani itangulie nyumba. Kuacha nafasi ya mtaro katika karatasi ni kazi ya kalamu, lakini kuitafuta baada ya watu kujenga ni machozi na fidia. Wazazi wetu, msinunue kiwanja kabla ya kuutazama mpango wa mahali pale.

Tatu, sisi wanafunzi tusijifunze mistari ya miinuko kwa ajili ya mtihani peke yake. Walimu wetu wa Jiografia watuongoze tuichore mitaro inayoizunguka shule hii, kisha tumpelekee mwenyekiti wa mtaa. Mji wa kesho tutaukaa sisi. Yafaa tuanze kuujua leo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne