Muthurwa yahitaji zaidi ya kudungwa kidole

Jua halijachomoza vizuri na soko la Muthurwa, jijini Nairobi, liko kazini. Matatu za Eastlands zinashusha abiria, mikokoteni inatoka soko la Marikiti imelemewa na viazi na kabichi, na vibandani chapati zinageuzwa moja baada ya nyingine. Chai imepikwa pamoja na sukari yake, hivyo mnunuzi haulizwi anataka vijiko vingapi. Kwa mbeba mizigo, kikombe hicho na chapati mbili ndio mafuta ya kumfikisha saa saba.

Ile rangi ya kahawia inayoiva juu ya chapati ina kisa chake. Kwa joto la kikaango, sukari na protini za unga hushikana na kuzaa kitu kipya. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza kemia hiyo mwaka 1912. Mwilini hakuna jiko, lakini sukari ya damu nayo huzishika protini, polepole, usiku na mchana. Sukari ikizidi na kukaa juu kwa muda mrefu, protini nyingi zaidi hushikwa, na zile zinazodumu miaka mingi, kama za kuta za mishipa, hukakamaa na kuharibika. Macho, figo na miguu ya mgonjwa wa kisukari huumia kwa njia hiyo, miongoni mwa nyingine.

Kinachosemwa mara chache ni kwamba madhara hayo hufika hadi kwenye kongosho, kiwandani kwenyewe. Seli za beta ndizo zinazotengeneza insulini, na kinga yake dhidi ya sumu za ndani ya seli ni hafifu. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba panya waliopewa protini zilizoharibiwa na sukari walitoa insulini kidogo kuliko kawaida. Panya si binadamu, na kisukari kina vyanzo vingi, urithi ukiwemo. Hata hivyo, kwa binadamu inajulikana wazi kwamba sukari iliyokaa juu huzichosha seli za beta. Insulini inapungua, sukari inapanda, protini zaidi zinashikwa, na seli zinazidi kuelemewa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliokadiria hali ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ulionyesha kwamba mtu anapoambiwa ana ugonjwa huo, takriban nusu ya nguvu ya seli hizo huwa imeshapotea.

Hapo ndipo kuchelewa kunapokuwa ghali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya kila 10 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Wanaopimwa sokoni, kwenye hema la siku moja, hudungwa kidole na kuonyeshwa sukari ya dakika ile. Mchuuzi aliyepimwa kabla ya kula anaweza kuambiwa yuko sawa na akarudi kwenye meza yake akiwa ametulia, ilhali kila baada ya chakula sukari yake hupanda kupita kiasi.

Kipimo kinachoweza kumfichua kipo. Mwaka 1968, jijini Tehran, daktari Samuel Rahbar aligundua kwamba wagonjwa wa kisukari wana himoglobini isiyo ya kawaida. Baadaye ikajulikana kuwa ni ile iliyoshikwa na sukari. Kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, himoglobini hiyo hutunza habari za miezi miwili hadi mitatu. Ndiyo HbA1c, ambayo wagonjwa wengi huiita sukari ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2011 kwa kutambua kisukari, kuanzia asilimia 6.5.

Kipimo hicho nacho kina kasoro ambazo Nairobi haiwezi kuzipuuza. Mwenye kurithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, hali inayopatikana sana kwa watu wenye asili ya Nyanza na Magharibi, anaweza kusomwa chini ya ukweli. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kupandisha jibu. Kwa hiyo kiambatane na kipimo cha asubuhi kabla ya kula, na mhudumu aulize kuhusu ukoo kabla ya kuandika majibu.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda Mfuko wa Afya ya Msingi kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya. Mama mboga wa Muthurwa hawezi kufunga meza siku nzima kwenda kupanga foleni kwenye hospitali kubwa, wala kulipia maabara binafsi kwa faida ya siku mbili. Serikali ya Kaunti ya Nairobi na Mamlaka ya Afya ya Jamii zihakikishe, kupitia mfuko huo, kwamba vipimo vyote viwili vinapatikana bila malipo kwenye zahanati zinazohudumia soko hilo, alfajiri, kabla wateja hawajafika.