Mchezaji hufufuka, baba hafufuki

Wasomaji wangu, leo naziacha seva na hifadhidata kando kidogo. Kuna swali niliulizwa na mtoto, nami sikuwa na jibu.

Mtoto wa ndugu yangu, ambaye twaishi naye hapa Malindi tangu babake afariki, alikuwa akicheza Tales of Kenzera: ZAU kwenye kompyuta yangu. Kijana wake alikufa kama mara tano hivi, na kila mara akarudi mzima. Basi akanigeukia: "Ami, mbona mimi nafufuka kila saa, na babake hafufuki?"

Nikajifanya natafuta chaja.

Kwa wasioujua, mchezo huu ulitoka Aprili 2024. Aliyeuongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na alianza kuuwaza baada ya kufiwa na babake. Waweza kuucheza ukisikia sauti za Kiswahili, jambo ambalo kwa gemu kubwa ni nadra sana. Zau ni mganga kijana anayepatana na Kalunga, mungu wa kifo: akimletea roho 3 kubwa, atarudishiwa babake.

Sasa turudi kwa swali. Kwetu sisi waandishi wa programu, kifo cha mchezaji ni mistari michache tu. Uhai ukifika 0, mrudishe alipokuwa, mpe 100 tena. Kifo cha namna hiyo hakina matanga! Ndiyo maana waliocheza Final Fantasy VII mwaka 1997 mpaka leo wanamtaja Aerith. Walikuwa na dawa za kuwainua wenzao walioanguka vitani, wakazitumia mara mia, lakini Aerith alipouawa kwenye hadithi hakuna dawa iliyofaa. Kundi lililobaki likaendelea na safari bila yeye, na pengo lake likaonekana.

Maoni yangu ni haya. Watunzi wengi wa gemu wakitaka kutugusa humfufua marehemu, na hapo wanakosea. Kuzaliwa upya si lazima marehemu arudi. Mara nyingi ni aliyebaki kupata mtu mwingine wa kutembea naye. Katika ZAU, anayetembea na kijana ni Kalunga mwenyewe, anayemkanya na kumfundisha kama mzee wa mtaa. Sitawaharibia mwisho, lakini kwangu mimi uzito wa mchezo uko hapo, kuliko kwenye mapigano yote.

Kama waona hizi ni ndoto za watunzi, kumbuka kisa cha hapa kwetu. Desemba 2004, siku ile ya tsunami, mtoto wa kiboko alitenganishwa na wenzake karibu na mto Sabaki, akakwama kwenye miamba baharini. Kesho yake watu walihangaika kwa nyavu na kamba mpaka wakamtoa, wakamwita Owen. Akapelekwa Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya saruji kabla ya kupandwa miti. Huko akamkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mzee hakumtaka. Alifoka na kuondoka zake. Owen akamfuata tu. Baada ya muda wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, na dunia nzima ikaja kuwapiga picha.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, undugu ule ulichukua muda, na mmoja alikuwa na haki ya kukataa. Linganisha na gemu zetu: mpe mwenzako zawadi, pata alama 10 za urafiki, zikijaa tayari ni ndugu. Huo ni ununuzi! Pili, Mzee hakugeuka kuwa kiboko. Hakuchukua nafasi ya mama. Na baadaye Owen alipopewa kiboko mwenzake, Cleo, hakuna aliyesema kwamba ile miaka ya kobe ilikuwa bure.

Vijana wa Malindi na Kilifi mnaojifunza kuunda gemu, hapa mna kazi. Acheni mhusika mmoja afe kweli, asirudi. Kisha mpeni aliyebaki mtu asiye wa damu yake, tena mtu mwenye uwezo wa kusema hapana. Hilo ni gumu kuliko kuandika kodi ya kufufua, lakini mchezaji aliyefiwa atajua kwamba mlimfikiria.

Usiku ule nilimwambia mtoto kwamba aliyetunga mchezo naye alifiwa na babake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani Kalunga atakaa na Zau mpaka mwisho?"

Nikamwambia acheze aone. Nikavuta kiti, tukakaa mpaka saa tano.