Kufuli la kompyuta linalinda kilo zako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi vya msingi, na la maduka mengi ya pembejeo, limehamia ndani ya kompyuta. Hilo ni jambo jema. Lakini limekuja na mchezo mmoja ambao, kwa maoni yangu, unaweza kumtia mkulima hasara kuliko panya wa ghalani.

Misimu michache iliyopita nilikuwa napitia hesabu za chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ghalani karibu na mizani na nyingine ofisini, zote zikitumia faili moja la mapokezi. Karani wa ofisini alipotaka kuandika malipo, kompyuta ilimwambia kuwa faili linatumiwa na mwenzake, hivyo anaweza kulisoma tu. Kwa kuwa foleni ya wakulima ilikuwa ndefu, alilihifadhi kwa jina jingine akaendelea na kazi. Jioni mafaili yakawa mawili, kila moja likiwa na kilo ambazo jingine halina. Wiki iliyofuata moja likafutwa kwa kudhaniwa ni la zamani. Siku ya malipo, waliokuwa na stakabadhi za karatasi walilipwa. Waliozipoteza walibaki wakibishana na karani.

Lawama zote zilitupiwa kompyuta. Mimi nasema kompyuta haikukosea. Ilitia kufuli ili watu wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja, wa pili akafuta kazi ya wa kwanza.

Kufuli hilo lina historia. Kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka mwaka 1981, pamoja na mfumo wake wa DOS, ilitengenezwa kwa mtu mmoja anayetumia programu moja. Kufuli la nini? Mwaka 1984 toleo la tatu la DOS lilileta utaratibu wa kushirikiana mafaili. Programu ikifungua faili inatamka kama wengine waruhusiwe kusoma, waruhusiwe kuandika, au wasiguse kabisa. Tatizo likawa programu za zamani, ambazo hazikujua kutamka lolote. Microsoft haikuzitupa. Ilizitengea utaratibu wao: programu ya namna hiyo ikishika faili, kwa kawaida nyingine zinazuiwa.

Windows ilirithi tabia hiyo ya kuzuia kwanza. Ndiyo maana hadi leo kwa kawaida inakataa kufuta faili ambalo programu imelishika, na ndiyo sababu mojawapo marekebisho yake mapya hukutaka uzime kompyuta na kuiwasha tena.

Mfumo wa Unix ulioanzia Marekani mwaka 1969, na Linux inayofuata nyayo zake, una njia tofauti. Huko kufuli mara nyingi ni makubaliano tu: programu isiyouliza kama kuna kufuli inaweza kuingia na kuandika. Wapo wanaotamani Windows nayo ilegeze. Mimi napinga. Ikilegeza leo, programu za hesabu zilizoandikwa miaka ishirini iliyopita kwa kutegemea ulinzi huo zitaanza kufutiana kazi kimyakimya. Kampuni kubwa itaita fundi siku hiyohiyo. Mwenye duka la mbegu atagundua siku ya kufunga hesabu, na fedha imekwisha kupotea. Kwa hiyo nawaunga mkono watengenezaji wanaoendelea kubeba mzigo wa zamani, hata kama mfumo unakuwa mzito.

Hata hivyo, kubeba huko kuna mwisho. Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16 za enzi za DOS, na Windows 11 iliyotoka mwaka 2021 haina kabisa toleo la biti 32. Tena, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wengi wanashawishiwa kununua mashine mpya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujalipa, chukua nakala ya programu yako na hesabu za msimu mmoja, uzijaribu kwenye mashine hiyo mbele ya muuzaji. Toa risiti, funga hesabu, linganisha jumla na ile ya mashine ya zamani. Zikitofautiana, fedha yako ibaki mfukoni.

Kwa viongozi wa vyama vya msingi nina ombi. Pangeni nani anaandika saa ngapi, na anayemaliza alifunge faili kabla ya kwenda kunywa chai. Karani akikuta kufuli, amwite mwenzake. Asitengeneze nakala ya pembeni. Kama makarani ni lazima waandike kwa pamoja, nunueni programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengi, kwa sababu hiyo hutia kufuli kwenye mstari wa mkulima mmoja badala ya daftari zima.

Nawe mkulima, una haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: kilo zangu zimo kwenye mafaili mangapi? Jibu likizidi moja, omba maelezo. Na stakabadhi yako ya karatasi itunze mpaka fedha iingie mkononi.