Outlander ya petroli au ya kuchaji? Piga hesabu kwanza kabla hela ya mavuno haijaondoka

Tangu watu wameanza kuuza vitunguu vya msimu huu, simu zangu nusu si za ukungu wala vithiripi tena. Ni za magari. Na gari linaloulizwa zaidi ni Mitsubishi Outlander, ile iliyotumika Japani, halafu swali linakuja hivi: "Afisa, nichukue ya petroli au ile ya kuchaji?"

Mimi ni mtu wa mbolea na dawa, sio dalali wa magari. Ila gari unalonunua kwa hela ya shamba ni gharama ya shamba, kwa hiyo nalijadili kama ninavyojadili pampu au trekta. Na msimamo wangu nautoa mapema: kwa wengi wenu mnaonisoma, ile ya kuchaji haitawalipa. Kuna wachache itawalipa vizuri sana, na nitawataja.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Outlander ya kawaida inaendeshwa na injini ya petroli, cc 2,000 au 2,400. Ile yenye maandishi PHEV ilianza kuuzwa Japani mwaka 2013. Ina injini ya cc 2,000, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na betri kubwa chini ya sakafu yenye uwezo wa kilowati-saa 12. (Kuanzia toleo la 2018 injini ikawa cc 2,400 na betri 13.8.) Unaichomeka ukutani usiku kama simu, asubuhi unatembea kwa umeme, umeme ukiisha injini inashika kazi. Haikuachi njiani kama kuna petroli kwenye tenki. Kuhusu hilo msiogope.

Sasa hesabu. Betri ni 12 lakini gari halikuruhusu kuimaliza yote, unatumia kama 10. Wakati wa kuchaji kuna umeme unapotea, kwa hiyo Luku itakata kama uniti 11. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, ukiweka na kodi na tozo zake inafika kama 356. Chaji moja basi ni shilingi 3,900 hivi.

Chaji hiyo inakupeleka wapi? Kwenye makaratasi ya Japani wameandika kilomita 60. Sahau hiyo. Gari lina miaka minane au tisa, betri imechoka kiasi, barabara zetu ni hizi tunazozijua, kiyoyozi umewasha. Mimi naweka kilomita 30. Kwa petroli, kilomita 30 ni lita 3, na tukikadiria lita moja kwa 3,000 (bei kamili angalia tangazo la EWURA la mwezi) hapo ni shilingi 9,000. Umeokoa 5,100. Ukichaji kila siku ya kazi, siku 25 kwa mwezi, ni 127,500. Kwa mwaka, milioni moja na laki tano na 30 elfu.

Si hela ndogo. Lakini soma tena nilivyoandika: ukichaji kila siku, na ukitembea angalau hizo kilomita 30 kila siku. Hapo ndipo wengi mnapoanguka.

Chukua kijana anayelima nyanya na hoho Tengeru, analala hapohapo, umeme wa TANESCO upo, na kila siku anaingia Arusha mjini kuonana na wateja wa hoteli. Kwenda na kurudi haifiki kilomita 30. Huyu anaweza kupita wiki nzima injini haijafanya kazi ya maana. Huyu namwambia chukua.

Sasa chukua wa Mang'ola, mkulima wa vitunguu. Anatoka huko bondeni mpaka Karatu, halafu Karatu hadi Arusha ni kama kilomita 140 nyingine. Umeme wake unaisha kabla hata hajaiona lami. Safari iliyobaki yote ni petroli, na wakati huo anabeba betri na mota zilizoifanya gari iwe nzito kuliko ya petroli kwa karibu kilo 300. Hayo ni magunia matatu ya mahindi, kila siku, bila nauli. Kweli akishuka mteremko wa Mto wa Mbu mota zinarudisha umeme kidogo kwenye betri. Siku ya kupanda anaulipa wote na riba.

Halafu tofauti ya bei. Sitawapa bei maana zinabadilika kila meli ikitia nanga, lakini fanya hivi: ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, weka PHEV na ya petroli za mwaka mmoja, uone ushuru wa kila moja. Kumbuka gari likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru kwa ajili ya umri, na likivuka 10 linaongezewa zaidi. Ukikuta tofauti ya jumla ni, tuseme, milioni 6, yule wa Tengeru atahitaji miaka minne kuirudisha. Na miaka hiyo yote betri inazidi kuchoka, kwa hiyo zile kilomita 30 zinakuwa 25, zinakuwa 20. Joto na kuchakaa havisubiri urudishe mtaji.

Kuna jambo lingine nalisikia sana kwenye magrupu, kwamba gari hili "litaendesha pampu shambani". Jamani. Baadhi ya hizi PHEV zina soketi ya umeme ndani, wati 1,500, ni kweli. Lakini ni soketi ya Kijapani, volti 100, na vifaa vyetu ni volti 230. Utahitaji transfoma ya kupandisha. Hata ukiwa nayo, pampu ya nguvu ya farasi moja inapowaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na soketi itajizima. Ukilazimisha pampu ndogo, betri ikiisha injini itawaka kuichaji, na hapo unamwagilia kwa petroli kupitia gari la mamilioni. Hela hiyo nunua pampu ya sola na paneli zake, hutajuta.

Ila mfugaji wa kuku mwenye mashine ya kutotolesha, wewe nakupa heshima yako. Mashine ya mayai mia tano hivi inatumia kama wati 200 tu. Umeme ukikatika saa nane usiku siku ya kumi na nane, hiyo soketi na transfoma nzuri vinaokoa trei zote mpaka asubuhi na betri bado ina akiba. Hiyo ni faida ambayo ya petroli haina. Bado si sababu ya kutosha kununua gari, lakini kama ulishakuwa unalitaka, iweke kwenye mizani.

Nyumba yako pia iangalie. Hili gari likichaji kwa saa nne linavuta kilowati 3 hivi mfululizo. Kama uko mwisho wa laini na taa zako jioni zinafifia, kuchaji itakuwa kero. Ethi iwepo ya kweli, maana kifaa cha kuchajia kikikosa ethi kinaweza kugoma, na kikikubali bila ethi ni hatari zaidi. Sola ya taa na TV haitoshi kabisa.

Wanaobaki, yaani wengi, chukueni ya petroli. Na hapo pia fungua macho: zile za cc 2,000 nyingi zinavuta matairi ya mbele tu, matope ya masika yatakuaibisha. Tafuta ya 2,400 yenye 4WD. Ina viti saba, PHEV za miaka hiyo zina vitano. Na hakuna kati yao itakayobeba matenga ya nyanya bila kuharibu viti. Kama bado unakodi Kirikuu kila mavuno, labda Kirikuu yako mwenyewe ndiyo ingetangulia, Outlander ikafuata msimu mwingine. Najua haina heshima kwenye harusi.

Kwa wale wa Tengeru na wenzao walioamua PHEV: usinunue kwa kuangalia rangi na kilomita za kwenye dashibodi. Mwambie muuzaji achomeke kifaa cha OBD na programu ya simu inayosoma betri, akutumie picha. Betri ya kilowati-saa 12 ikiwa mpya ina ampea-saa karibu 40. Ukiona 33 au 34, ongea bei. Ukiona chini ya 28, hilo ni gari la petroli lenye mzigo, lilipie kama gari la petroli au liache. Uliza waya wa kuchajia kama upo, maana wengi wanaleta gari bila waya. Na fundi wako wa mtaani mwonyeshe zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari: zina volti 300, asiziguse.