Daftari la Wiki: Kilichoingia na Kilichobaki

Ukishuka matatu ya namba 8 pale Olympic, Kibera, waulize vijana wanaouza mtandaoni wanapata kiasi gani. Anayeuza viatu vya mitumba vya soko la Toi kwa WhatsApp atakuonyesha ujumbe wa M-Pesa: elfu nne zimeingia, elfu saba zimeingia. Wa keki atakutajia wafuasi wake wa TikTok. Faida hawaitaji, na sababu zao nazielewa. Mwenye nyumba akisikia, anapandisha kodi. Jamaa wa mashambani wakisikia, karo ya watoto wao inakuja kwako. Nayo mamlaka ya kodi, KRA, kwa biashara ya shilingi milioni 1 hadi 25 kwa mwaka, hutoza asilimia 3 ya mauzo ghafi tangu Julai 2023. Haiulizi umebakiwa na nini.

*

Hata kampuni kubwa za mtandaoni hutaja kilichoingia tu. Januari 2022 poa! Internet, ambayo waya na minara yake imefika Kibera na Kawangware, ilitangaza kupata dola milioni 28 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Africa50. Magazeti yalifurahi, nami nilifurahi, kwa kuwa intaneti ya bei nafuu mitaani kwetu ni jambo kubwa. Lakini fedha za mwekezaji si pato. Ni fedha za mtu anayetarajia kurudishiwa zaidi. Ningependa kujua nyumba moja iliyounganishwa Kawangware inaleta nini kwa mwezi na inagharimu nini. Sheria yetu hailazimishi kampuni iliyo nje ya soko la hisa kututangazia hayo.

Safaricom inalazimika, tangu iliposajiliwa soko la hisa Juni 2008. Ndiyo maana mama mboga anayekatwa ada za M-Pesa anaweza kusoma kwamba huduma hiyo iliingiza takriban shilingi bilioni 139.9 katika mwaka ulioishia Machi 2024. Akilalamikia ada, analalamika akiwa na hesabu mkononi.

*

Robin Reecht, Mfaransa aliyeanzisha Kune Food hapa Nairobi, alifunga biashara Juni 2022 na kueleza mambo waziwazi. Walikuwa wameuza zaidi ya milo 55,000, kwa wateja binafsi 6,000 na kampuni 100. Mlo ulikuwa wa dola 3 hivi, bei ya vyakula ikawa inapanda, na mwekezaji wa awamu ya pili hakupatikana. Mwaka mmoja kabla ya hapo habari ilikuwa dola milioni 1 walizokusanya. Namheshimu kwa kusema. Kinachoniuma ni kwamba kwetu hesabu halisi hutoka siku ya matanga. Za Sendy, kampuni ya usafirishaji wa mizigo, tulizijua 2023 ilipofunga, na za Copia, kampuni ya mauzo ya mtandaoni, Mei 2024, ilipowekwa mikononi mwa wasimamizi.

*

Na wafanyabiashara wa mitaani kwetu ni watu wa vyama vya akiba! Wafanyabiashara wa Toi wameweka akiba pamoja kwa miaka mingi ndani ya Muungano wa Wanavijiji, ulioanza 1996. Katika chama chochote cha Kibera mweka hazina husoma daftari mbele ya wote: nani ametoa, nani anadaiwa, faini ni ngapi. Hakuna anayeona aibu. Kijana yuleyule aliyekaa kwenye kikao hicho Jumapili, Jumatatu anamficha mshirika wake wa biashara deni la mzigo.

*

Buffer ya Marekani ilichapisha mishahara ya wafanyakazi wake wote mwaka 2013, na ulimwengu mzima ukaisoma. Sitaki hivyo Olympic. Anayetangaza mauzo ya siku mitaani kwetu anawaita wezi. Nataka hesabu zisomwe kwa wanaozitegemea: mshirika, fundi wa cherehani, mwenye boda anayepeleka mizigo hadi Kawangware 46. Anza kwa kutenganisha. Ukiwa na till au Pochi la Biashara, fedha za mzigo hazichanganyiki na za unga na tokeni za stima, na mwisho wa mwezi taarifa yake unaweza kumwonyesha mtu bila kumfungulia maisha yako yote.

Huyo wa boda hukopeshwa ahadi kila wiki: "Nitakutumia jioni." Akijua Machi kwamba biashara inakula mtaji, ana muda wa kutafuta wateja wengine kabla haijafungwa Juni.