Chujio Lipimwe kwa Yale Linayoyakataa

Tangu almasi ilipogunduliwa Mwadui, mkoani Shinyanga, mwaka 1940, kazi ya chekeche imefahamika vyema katika eneo hilo. Chekeche la juu huzuia mawe makubwa, la chini huachia mchanga uanguke, na kati yake hubaki kokoto za ukubwa unaotakiwa. Hata hivyo, jiwe refu na jembamba laweza kupenya tundu kwa kutanguliza ncha. Anayesifu chekeche kwa kokoto nzuri zilizobaki, asiangalie mawe yaliyopenya kwa ncha, ameikagua nusu tu ya kazi.

Vivyo hivyo kwa vichujio vya mikrowevu, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya juu yatumikayo katika rada, setilaiti na minara ya simu. Kichujio hupitisha ukanda mmoja wa masafa na kuzuia yaliyo chini na juu yake. Mwaka 1958 Seymour Cohn wa Marekani alieleza namna ya kukisanifu kwa vipande vya metali vilivyopangwa sambamba, kila kimoja kikiwa na urefu wa nusu wimbi. Usanifu huo ungali unafundishwa, nao ni mzuri. Lakini kipande chenye urefu wa nusu wimbi kwa gigahezi 3 ni wimbi zima kwa gigahezi 6. Kikichapwa juu ya bamba la kihami, upande mmoja ukiwa hewa, kichujio hufungua mlango wa pili karibu na gigahezi 6. Ubaya ni kwamba kikuza mawimbi cha kisambazaji nacho huzalisha masafa maradufu. Hivyo mlango hufunguka palepale uchafu unapofika.

Mwaka 1980 Wajapani Makimoto na Yamashita walionyesha tiba: kipande kiwe kipana mwishoni na chembamba katikati, ili mwitikio wa pili usogezwe juu zaidi ya maradufu.

Yafaa somo la mawimbi shuleni lianzie katika kasoro hiyo. Huenda ikasemwa kwamba mikrowevu ni elimu ya juu mno kwa shule isiyo na vyombo. Hoja hiyo haina uzito. Mwalimu na akaze waya kati ya misumari miwili, aupige kwa kidole. Kisha auguse kidogo katikati na kuupiga tena kando. Masafa ya sauti yatakuwa maradufu, ingawa urefu wa waya haukubadilika. Hapo mwanafunzi ataona kwamba urefu mmoja hujibu masafa mengi.

Masafa ya redio ni mali ya taifa, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huyagawa kwa watumiaji wengi. Mtambo unaovujisha mawimbi nje ya ukanda wake humdhuru jirani asiye na hatia. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayeulizwa kichujio kinapitisha nini hana budi kuulizwa pia: kinakataa nini, na hadi masafa gani?