Binti wa Mrimba na Watu wa Bara

Ukienda Kilwa Kisiwani, ndugu msomaji, utasimuliwa kwamba mji ule ulijengwa na watu waliotoka Shirazi, Uajemi. Mimi nasema hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ni ya mama zetu na watu wa bara. Nimechoka kuisikia nusu ile ikisimuliwa kana kwamba ndiyo yote.

Nilivuka kwa dau kutoka Kilwa Masoko pamoja na walimu wenzangu wastaafu. Aliyetutembeza ni kijana mzaliwa wa kisiwani, mwenye adabu, aliyepunguza hatua zake kila alipoona magoti yetu yamegoma. Alijua kazi yake. Alituingiza katika Msikiti Mkuu, tukatazama kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Alitupandisha Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Alimtaja Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Hayo yote aliyasema vizuri kuliko vitabu vingi vya shule.

Kisha ikaja hadithi ya Ali bin Hassan, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Nikauliza: na wale waliouza, walikwenda wapi?

"Walihamia bara, mzee."

Na watu wa bara walirudi lini?

"Walirudi kama watumwa, mzee wangu. Wengi walitoka kwenu huko Nyasa." Alikuwa amekwisha kuniuliza kwetu ni wapi, nami nikamwambia Itungi, Kyela.

Sina ugomvi na kijana. Anasimulia alichofundishwa, na bibi yake mzaa mama, kama alivyotuambia mwenyewe tulipokuwa tukipumzika chini ya mbuyu, alitoka Liwale. Ugomvi wangu ni na hadithi yenyewe, ambayo inatupitisha sisi wa bara mlango wa uani, tena na minyororo miguuni.

Tutazame miaka. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Mkataba ambao Mfaransa Morice alifanya na Sultani wa Kilwa, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, ni wa 1776. Misafara ya kutoka Nyasa hadi Kilwa Kivinje ilishamiri katika karne ya 19. Sisi wa kaskazini ya ziwa hatuhitaji kukumbushwa misafara hiyo. Ng'ambo ya Songwe, Mlozi aliwaua Wangonde, ndugu zetu tunaosikilizana nao lugha, pale Kambwe mwaka 1887, na vita vyake havikuisha mpaka aliponyongwa Desemba 1895. Ni mambo ya kweli, na wajukuu wetu lazima wayajue. Lakini baina ya birika la al-Hasan na mkataba wa Morice kuna zaidi ya miaka 400. Mtu wa bara alikuwa wapi miaka yote hiyo?

Alikuwa akichimba dhahabu. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, na dhahabu hiyo ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe. Sarafu ya shaba ya Sultani huyo huyo al-Hasan iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mwendo wa majuma mengi kutoka baharini. Pembe za ndovu nazo hazikuvuliwa kwa nyavu. Bila watu wa bara, Sultani angejenga kasri kwa nini?

Zimbabwe Kuu nayo iliugua ugonjwa huu huu. Walowezi walisema imejengwa na Wafoinike, au na Malkia wa Sheba, au na yeyote yule asiyekuwa mwenyeji. Mwaka 1929 mwanamke Mwingereza, Gertrude Caton-Thompson, alichimba akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Walowezi hawakumsamehe. Sisi tumejitawala tangu 1961, na bado mbele ya jiwe lililochongwa vizuri twauliza: nani alikuja kutuchongea?

Yuko atakayenijibu kwamba Washirazi si uongo. Nakubali. Utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya miji ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, umeonyesha kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi damu ya Uajemi ilichanganyika kweli na ya hapa. Ila ulionyesha pia kwamba Waajemi hao walikuwa zaidi upande wa baba, na upande wa mama ulikuwa wa Afrika karibu wote. Tena wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kwamba kabla ya mawe palikuwa na kijiji cha nyumba za miti na udongo, cha watu waliovua samaki na kufua chuma. Basi huyo mgeni hakukuta kisiwa kitupu.

Na wazee wa Kilwa walijua! Katika masimulizi yao, yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1907, mwenyeji aliyepokea nguo anaitwa Mrimba, na Sultani anaomba kumwoa binti yake. Mtoto wa binti huyo ndiye anayerithi utawala. Nguo zimebaki katika hadithi ya watalii, binti ametupwa. Nani alimtupa, na kwa faida ya nani?

Mwaka 2004 magofu ya Kilwa yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kuta zikatengenezwa, na mwaka 2014 yakaondolewa. Fedha zilipatikana za chokaa. Za kumchapia kijana yule masimulizi ya babu zake, kwa Kiswahili chake mwenyewe, ayasome kabla ya kupokea wageni, ni shilingi ngapi? Ayasome. Akifika Husuni Kubwa aitaje ile sarafu na njia iliyopita. Akifika Msikiti Mkuu aanze na binti wa Mrimba, na mgeni akishangaa, amwambie pia habari za bibi yake wa Liwale.